Mume wa Ng'ambo na Kibali cha Miezi 24

 

Nimeombwa nizungumzie ndoa na vibali. Mtu yupo nchini kwa kibali cha kazi, amempata mwenzake hapa hapa, wanaoana. Ndoa ile inampa haki gani ya kubaki? Mahali pengine swali hili ni la wachache wanaofanya kazi kwenye mashirika makubwa. Kwetu Kigoma ni la nyumba kwa nyumba. Nendeni Kibirizi siku ya boti mkatazame. Madumu ya mawese yamepangwa juu ya mbao, vitenge vimeviringishwa kwenye nailoni visilowe, mama ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, na kabla boti haijaondoka watu wanaagizana salamu za mkwe, za shemeji, za mjomba aliyeko Uvira, Baraka au Kalemie huko Congo, au Rumonge huko Burundi. Kwenye harusi zetu Ziwa Tanganyika halijawahi kuwa mpaka.

Mji wa Ujiji wenyewe ulijengwa na watu waliofika wakaoana. Walikuja watu wa pwani na misafara ya pembe, wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo, wakaja Wabwari kutoka rasi ya Ubwari, wakateremka Waha kutoka milimani, wakawakuta Wajiji. Tusisahau kwamba wengine hawakuja kwa hiari yao. Waliletwa wakiwa watumwa, nao wakazaa humu, na wajukuu wao leo ni wenye mji. Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871, mchanganyiko huo ulikuwa umekwisha kukolea. Hakuna aliyemuuliza bwana harusi ana kibali cha daraja gani.

Mpaka ulikuja baadaye, ukaletwa na wengine. Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita kuu ya kwanza Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi, Waingereza wakabaki na Tanganyika, na kwa makubaliano ya mwaka 1921 Wabelgiji wakapata eneo lao la bandari papa hapa Kigoma ili mizigo ya Congo ipite. Bidhaa ziliandaliwa njia mapema kabisa. Wanandoa hawakufikiriwa, na naona bado hatujawafikiria vya kutosha.

Sasa tuingie kwenye sheria. Mgeni anayefanya kazi Tanzania anahitaji karatasi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia. Ya pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kibali cha ukaazi kina madaraja matatu: A kwa wenye mitaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengine wa namna hiyo. Kibali cha kazi huishi miezi 24. Kinaweza kuhuishwa, lakini kwa mwajiriwa wa kawaida jumla ya miaka yake ina kikomo. Tena kinafungwa kwa mwajiri. Ukiacha kazi au ukiachishwa, kibali kile hakikufuati kwenye kazi mpya, unaanza upya.

Niwape mfano, nao ni mfano tu, msimtafute mtu mtaani kwenu. Kuna fundi wa injini za boti kutoka Uvira. Ameajiriwa na kampuni ya usafirishaji, ana kibali cha kazi na kibali cha ukaazi Daraja B. Mwaka wa pili anamwoa binti wa Katonga, hapa Kigoma. Mahari imelipwa, ndoa imefungwa msikitini, wazee wa pande zote mbili wamekula pilau pamoja. Wanapanga chumba na sebule mtaa wa Mwanga. Kisha kampuni inapunguza wafanyakazi. Siku ile fundi anapoteza mshahara, na kwa barua ile ile anapoteza msingi wa kuwepo nchini. Mke wake ni raia, mtoto wao ni raia. Yeye anaambiwa ajiandae kuondoka, au arudi na ombi jipya.

Geuzeni mfano huo. Fundi ni kijana wa Katonga, raia wa Tanzania, na aliyekuja kutoka Uvira kwa kibali cha kazi ni mwanamke, tuseme muuguzi. Wameoana. Kazi yake ikiisha, mlango mwingine uko wazi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mume wake. Kuomba si kupewa, Waziri ndiye anayeamua, lakini njia ipo na imeandikwa. Kwa mwanamume aliyemwoa raia, kifungu kama hicho hakipo. Sheria haimtaji.

Hapa ndipo ulipo mzigo wa mhadhara wangu. Binti wa Katonga na kijana wa Katonga wamezaliwa mtaa mmoja, wamesoma shule moja, wana vitambulisho vya aina moja. Ndoa ya kijana ina uzito mbele ya sheria ya uraia. Ndoa ya binti haina. Huyo fundi wa Uvira amebaguliwa, ndiyo, lakini aliyebaguliwa kwanza ni mke wake, na yeye ni Mtanzania.

Nasikia mtu akisema: basi huyo mume aombe uraia kwa njia ya kawaida kama wageni wengine. Tuitazame njia hiyo. Sheria inataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, aonyeshe faida yake kwa nchi, awe na nia ya kuishi hapa. Kiswahili cha Uvira hakina shida, na mwenendo mwema ataushuhudia mwenyekiti wa mtaa. Lakini hesabu ya miaka ni ngumu kwake. Sheria ya ajira inampa mwajiriwa miaka yenye kikomo, na kibali kinachokufa kazi ikiisha; sheria ya uraia inamdai zaidi ya miaka saba ya kukaa. Mtu anayefuata sheria zote mbili kwa uaminifu anaweza kufikishwa katikati ya daraja halafu akaambiwa mbao zimekwisha. Ili amalizie itabidi abadili aina ya kibali, afungue biashara yenye mtaji unaotakiwa, au aombe huruma ya ofisi. Na mtu ambaye ndoa yake inasimama juu ya huruma hawezi kupanga hata kujenga choo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Sheria hiyo hiyo ya Uraia ya mwaka 1995 ilimtendea haki mama kwa upande wa watoto. Mtoto akizaliwa nje ya nchi na mama aliye raia wa kuzaliwa hapa, anakuwa raia wa kurithi, sawa na yule ambaye baba yake ndiye raia. Kwa hiyo binti wa Katonga akijifungulia Uvira, anaweza kumpa mwanawe uraia wa Tanzania. Tulikwisha kukubali kwamba damu ya mama inatosha kumfanya mtoto kuwa Mtanzania. Sioni kwa nini ndoa ya mama isitoshe hata kumfungulia mumewe ukurasa wa kuomba.

Sababu zinazotolewa nazijua, na baadhi ni nzito. Wapo wanaooa kwa ajili ya karatasi. Mtu anamlipa msichana, wanakwenda kufunga ndoa, kisha kila mmoja anashika njia yake. Ofisa wa Uhamiaji anayeliona hilo ana haki ya kuwa makini, na mkoa huu una mpaka mrefu wa ziwa na wa nchi kavu, kuanzia Kagunga mpaka Manyovu na kuendelea. Lakini ndoa ya uongo inaweza kufungwa na mwanamume na inaweza kufungwa na mwanamke. Dawa yake ni kuichunguza ndoa. Kumtenga mume kwa sababu ni mwanamume hakuchunguzi chochote. Na sisi tunajua kuchunguza ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hata majirani wakawahesabu kuwa mume na mke, mahakama itawachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hiyo ni sheria yetu wenyewe, ina zaidi ya miaka 50, na imeweka imani yake kwa majirani. Muulizeni jirani wa Mwanga kama fundi analala pale. Atawaambia na saa anayorudi.

Hofu nyingine ni ya wingi wa watu. Kigoma imebeba mzigo ambao mikoa mingi haijaujua. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwepo tangu mwaka 1996. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na Liemba, meli iliyounganishwa hapa hapa enzi za Mjerumani, ikafanya kazi ya kuwavusha. Lakini nchi hii hii, kuanzia mwaka 2014, iliwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na watoto wao. Tanzania iliyofanya hivyo haiwezi kuyumbishwa na waume wa mabinti zake.

Wenzetu wamekwisha kulipitia jambo hili. Mauritius mwaka 1977 ilitunga sheria iliyowataka waume wa kigeni wa wanawake wa Mauritius waombe kibali cha kukaa, huku wake wa kigeni wa wanaume wa Mauritius wakiachwa. Wanawake 20 walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 kamati ikasema huo ni ubaguzi. Serikali yao ikarekebisha sheria. Zimbabwe mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilitazama shauri la wanawake raia ambao waume zao wa kigeni walinyimwa ukaazi. Mahakama ikasema: ukimfukuza mume, umemfukuza na mke, kwa sababu uhuru wa raia kuishi popote nchini mwake hauna maana ikiwa hawezi kuishi na mwenzi wake. Jirani yetu Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 15, imempa haki ya kuandikishwa kuwa raia mtu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia miaka saba, ikiwa ataomba. Mtu yeyote, awe mume au mke. Miaka saba ni mingi, inampa ofisa nafasi ya kuijua ndoa, na haimbagui mtu. Mimi ningeipokea hapa kesho. Tanzania nayo iliridhia mwaka 1985 mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya tisa inahusu uraia. Ahadi hiyo ni yetu, hatukulazimishwa.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Nimeulizwa mara nyingi: Burundi imo tangu 2007, Congo imeingia 2022, sasa vibali vya nini? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia na kutembelea, na hati anayogongewa inaweza kufika miezi sita. Hati hiyo si ya kufanya kazi. Itifaki hiyo pia inasema mfanyakazi anayehamia nchi nyingine ya Jumuiya ana haki ya kuandamana na mwenzi wake na mtoto, na mwenzi huyo ana haki ya kufanya kazi. Ni maneno mazuri sana. Tatizo ni kwamba kila nchi iliorodhesha ni wafanyakazi gani inaowafungulia mlango, na orodha ya Tanzania inawalenga hasa wenye taaluma. Mvuvi wa Rumonge, mama wa mawese kutoka Baraka na fundi wetu wa Uvira hawamo kwenye fikra za waliokaa mezani. Hao ndio Jumuiya yenyewe hapa ziwani.

Kwa anayefanya kazi hapa kwa kibali na kumleta mwenzi wa kwao, njia iliyozoeleka ni hati ya mtegemezi. Inaambatana na kibali cha yule mwenye kazi: kibali kikifa, hati nayo imekufa. Na mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe cha kazi. Nimewaona wanawake wenye shahada, wake wa wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi, wanakaa Kasulu au Kibondo miaka miwili, mitatu, bila kazi, wakati zahanati za jirani zinatafuta watumishi.

Faida ya mgeni anayepata nafasi ya kufanya kazi tumeiona hapa hapa. Mwanasayansi Jane Goodall alikuja Gombe Julai 1960. Miaka 15 baadaye aliolewa na Derek Bryceson, Mtanzania mwenye asili ya Uingereza aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa. Mwanasayansi yule akaishi kati ya Gombe na Dar es Salaam mpaka mumewe alipofariki mwaka 1980, na kazi aliyoiacha kwenye ziwa letu mnaijua. Mgeni aliyeungana nasi kwa ndoa na kwa kazi si hasara kwa nchi.

Wenye watoto ughaibuni wameniomba niseme kidogo. Nchi za nje nazo zina ukali wake, ila wakati mwingine zina utaratibu wa kuiga. Australia, mtu aliyeko kwa viza ya kazi ya muda akioana na raia anaweza kuomba viza ya mwenzi akiwa ndani ya nchi, na kwa kawaida hupewa viza ya kumvusha mpaka uamuzi utoke, hivyo kazi ikiisha ndoa haivunjwi na foleni ya ofisi. Uingereza imeweka kipimo cha fedha: tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenzi kwa mara ya kwanza aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Na kwa vijana waliopelekwa Marekani kutoka Nyarugusu, aliyefika kama mkimbizi ana miaka miwili ya kumwombea mke au mume aliyemwacha, na ndoa lazima iwe ilifungwa kabla hajaondoka. Kijana anayesubiri ndege, ana mchumba, asiseme "tutaoana nikishafika". Aseme ukweli wote kwa maofisa kabla ya safari, na kama ndoa ipo, iandikwe.

Turudi nyumbani. Kwa wenye kibali cha kazi mliooana au mnaotaka kuoana na raia, fanyeni mambo yenu wakati kibali kiko hai. Wengi huja kutafuta msaada kibali kikiwa kimekwisha wiki tatu, na hapo mazungumzo yanaanza na kosa badala ya kuanza na ndoa. Ndoa ya serikali inahitaji taarifa ya siku 21 kabla. Ndoa ya msikitini ni ndoa kamili kwa sheria yetu, lakini hakikisheni anayeifungisha ana leseni na kwamba imeandikishwa, maana picha ya harusi kwenye simu haitapokelewa dirishani. Balozi ndogo za Burundi na Congo zote ziko mjini Kigoma. Kaombeni huko uthibitisho kwamba mhusika hana ndoa nyingine. Mama zangu, hili mlisimamie. Sheria ya familia ya Congo haitambui mke wa pili, na mwanamume aliyefunga ndoa ya serikali Uvira hawezi kumwoa binti yako hapa kihalali, hata angelipa mahari mara mbili. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe mapema. Wekeni risiti za kodi ya nyumba, kadi ya kliniki yenye majina yenu wote wawili, barua ya mtendaji. Zote ziwe kwenye faili moja.

Namalizia na wake mliotoka Burundi na Congo mkaolewa na raia, kwa sababu kwenu sheria imefungua mlango lakini imeuwekea muda ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 11 kinasema katika uhai wa mume. Wapo akina mama waliokaa hapa miaka mingi, watoto wao ni raia, hawakuomba kwa sababu hakuna aliyewasumbua. Mume akifa, haki ile ya kuomba kama mke imekwenda naye, na mjane anabaki na sharti la miaka saba na ushahidi wa vibali ambao pengine hakuwahi kuwa nao. Anayetaka uraia aombe sasa, mume akiwa hai. Ajue pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo itabidi aukane wa kwao, na mwenye shamba la urithi kule Rumonge ana haki ya kulifikiria hilo na ndugu zake kabla ya kusaini. Akiamua kubaki na uraia wake, ahakikishe hati yake ya kuishi nchini haijapitwa na tarehe. Nakala za kifungu hicho, pamoja na masharti ya uraia wa kuomba, nimezileta kwa Kiswahili. Ziko mezani pale mlangoni. Chukueni na za jirani ambaye leo yuko sokoni.